NYUMBANI NA SHAMBANI: Jiko Jipya Huchukua Siku Ngapi?

Mwenye nyumba akimwuliza mwashi jiko jipya litachukua siku ngapi, karibu kila mara hujibiwa, "Wiki mbili tu, mzee." Jibu hilo si uongo. Mwashi huhesabu siku ambazo mkono wake utashika mwiko, na kwa jiko la mawe la futi 10 kwa 12 siku hizo kweli hazizidi sana kumi na mbili au kumi na nne. Asizozihesabu ni siku ambazo mwiko hautashikwa: siku za kungoja zege lipate nguvu, siku za kungoja lori la mchanga, siku za kungoja mshahara wa mwisho wa mwezi, na siku ambazo mvua itanyesha tangu asubuhi na watu wote watakaa upenuni wakiitazama. Siku hizo zikitiwa katika hesabu, wiki mbili huwa saba, na pengine zaidi.

Yuko mtu mwingine katika boma ambaye hesabu yake ni ya namna nyingine kabisa, naye ni mama mwenye jiko. Yeye hahesabu siku bali huhesabu vyungu. Wiki saba ni siku 49, na kila siku ina chai ya asubuhi, chakula cha mchana na chakula cha jioni. Hizo ni mara 147 za kuwasha moto mahali pasipo na jiko. Ni ajabu kwamba katika mazungumzo ya bei ya mawe na urefu wa mabati, mtu huyu ambaye ndiye mwenye mzigo mkubwa kuliko wote huitwa mwishoni, tena aje kuleta chai.

Msomaji na amfikirie karani afanyaye kazi mjini, mwenye shamba lake na watu wake milimani. Kwa sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 anastahili likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kila mwaka. Karani huyu ameweka akiba, na amekusudia kwamba likizo ya Januari haitapita bila jiko jipya. Amefika nyumbani Jumamosi. Jumatatu jiko la zamani la miti na udongo limebomolewa kwa furaha kubwa, na watoto wamebeba nguzo zilizokuwa nyeusi kwa masizi ya miaka mingi. Jumatano msingi umechimbwa. Ijumaa mchanga haujafika, kwa kuwa lori limeharibika njiani. Wiki ya pili yote imeingia katika mawe, maana mawe yaliyoletwa hayakutosha. Wiki ya tatu mwashi ameomba ruhusa ya siku mbili kwenda kumaliza kazi ya mtu mwingine, naye akarudi siku ya sita. Likizo ikamalizika kuta zikiwa zimefika madirishani. Karani akarudi mjini na kuahidi kupeleka fedha kwa simu. Februari ada za shule zikazila fedha hizo. Machi mvua za masika zikaanza.

Hapana mtu katika hadithi hiyo aliyefanya jambo baya sana. Hata hivyo mkewe alipika miezi minne chini ya upenu wa nyumba ya kulala, moshi ukiingia vyumbani, na mtoto mdogo akitambaa hatua mbili kutoka kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Mambo kama hayo huonekana katika maboma mengi, na karibu yote yatokana na jambo moja, nalo ni kwamba jiko la zamani lilibomolewa kabla ya mtu yeyote kuuliza chakula cha siku hiyo kitapikwa wapi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza katika mpango wa jiko si kuchimba msingi. Kazi ya kwanza ni kujenga banda la kupikia. Kama uwanja watosha, njia iliyo bora ni kujenga jiko jipya kando ya lile la zamani na kuliacha la zamani lifanye kazi mpaka siku ya mwisho. Hapo shida yote huwa imekwisha. Lakini maboma mengi siku hizi yamegawanywa mara mbili na mara tatu, wala hayana nafasi ya kuchezea. Kama ni lazima jiko jipya lisimame pale pale pa zamani, banda lijengwe siku moja kabla ya kubomoa. Nguzo nne na mabati machakavu zatosha. Liwe mbali na paa la nyasi na mbali na ghala la mahindi, mgongo wake uelekee upande uvumako upepo, na pande tatu zizibwe. Upande wa nne uwekewe ubao wa kuzuia watoto, urefu wa goti la mtu mzima. Moto usiwekwe chini mavumbini. Ujengewe kitako cha udongo na mawe kilichoinuka, ili mtoto ajikwaaye asiangukie makaa. Kuni kavu za wiki saba zikusanywe kabla, maana kuni mbichi katika banda dogo ni mateso ya macho.

Tena kuna onyo moja ambalo halifai kupitwa haraka. Usiku wa baridi, penye banda lisilo na joto, hushawishika mtu kuingiza jiko la makaa ndani ya nyumba ya kulala, apikie humo kisha aliache lipashe chumba moto. Makaa yawakayo katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu wengi wamelala nayo wasiamke. Banda lililo baya, lenye kuvuja, ni salama kuliko chumba chenye joto la namna hiyo.

Jambo la pili la kufanywa kabla ya jiwe lolote kununuliwa ni kukata shauri juu ya moto wenyewe. Wajenzi wengi hulijenga jiko kana kwamba ni chumba cha kuwekea magunia, kisha mwishoni huuliza meko yatakaa wapi. Mwendo huo ni wa kinyume. Anayepikia kuni ahitaji dohani, na dohani hupita katika paa, na paa lililokwisha kupigiliwa misumari halipendi kutobolewa. Kilele cha dohani hiyo yapasa kiwe juu kuliko mgongo wa paa, la sivyo upepo utaurudisha moshi chini. Anayekusudia kutumia gesi ajue kwamba gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini sakafuni na kujikusanya pembeni, kwa hiyo matundu ya hewa yawe chini karibu na sakafu, si juu tu. Nyumba nyingi leo zina vyote viwili, kuni kwa githeri na maharagwe, gesi kwa chai ya haraka, na jiko la namna hiyo lahitaji matundu ya juu na ya chini.

Kuhusu moshi, yatosha kutaja hesabu moja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu itokayo katika moto wa kupikia na vyanzo vingine vya namna hiyo nyumbani, na kati yao watoto wa chini ya miaka mitano walizidi 237,000. Mtu ajengaye jiko jipya kisha akaliacha bila dohani wala dirisha la kutosha amenunua mawe tu.

Urefu wa meza ya kazi nao hukatwa shauri siku hizo hizo, wala haukatwi na mwashi. Mama asimame wima ukutani, akunje mkono, na mtu atie alama kwa mkaa pale kiwiko kilipo. Meza ya kukatia mboga iwe chini kidogo ya alama hiyo. Mahali pa sufuria ya ugali pawe chini zaidi, kwa sababu sufuria yenyewe ina kimo chake, na ugali husongwa kwa nguvu za mabega kutoka juu. Wako wanawake wengi ambao wana meza nzuri za zege zilizopimwa kwa kiwiko cha mwashi mrefu, nao husonga ugali wakiwa wamesimama juu ya kigoda.

Sasa yaja mambo ya kununua. Vitu vya ujenzi havifanani katika kungoja. Mawe, kokoto na mchanga vyaweza kukaa uwanjani miezi mingi bila kudhurika, isipokuwa mchanga uzungushiwe mawe usichukuliwe na maji. Mbao hufaidika kwa kungoja, hasa mbao za saiprasi zilizopasuliwa juzi. Zikipigiliwa zingali mbichi hupinda zikaukapo, na paa huinama pamoja nazo. Zipangwe kivulini kwa tabaka, vipande vidogo vya mti vikitenganisha tabaka na tabaka ili hewa ipite. Matofali ya kuchoma ya kule magharibi yataka kufyatuliwa na kukaushwa wakati wa jua, wiki mbili hivi kabla ya kupangwa tanuruni, na baada ya kuchomwa tanuru liachwe lipoe lenyewe. Mtu asiyeanza matofali mapema asidhani atayapata katika mvua. Simiti ndiyo ya kununuliwa mwisho. Huvuta unyevu wa hewa hata ndani ya mfuko wake, na ikikaa miezi huwa na mabonge na nguvu zake hupungua. Ifikapo, iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pasipovuja.

Mkulima wa chai, ambaye kwa kawaida hupata bonasi mwezi wa Oktoba au karibu na hapo, ana nafasi nzuri. Anunue mawe, mchanga, kokoto, mbao na mabati wakati huo, kabla ya Januari kuja na madai ya shule. Karani mwenye mshahara anunue kidogo kidogo tangu katikati ya mwaka. Katika mabati akumbuke kwamba geji huhesabiwa kinyume na mtu anavyodhani: bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Wako wauzaji wasemao "thelathini" kwa sauti ya kujivuna kana kwamba ni sifa.

Aishiye mjini au katika kituo cha biashara ana siku nyingine za kuhesabu. Ruhusa ya kujenga hutolewa na serikali ya kaunti, na sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 imeweka muda wa siku 60 wa kujibu maombi. Miezi hiyo miwili iwekwe mwanzo wa hesabu, kabla ya kumwita mwashi.

Ikiwa yote hayo yametengenezwa, kazi yenyewe yaweza kuanza wiki ya kwanza ya Januari, wakati wa kiangazi, na kumalizika kabla ya masika. Wiki ya kwanza ni ya msingi. Kupima na kuchimba ni siku mbili au tatu, kwa kadiri ya udongo. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi ule upasukao wakati wa jua na kuvimba wakati wa mvua, uchimbwe wote utolewe mpaka ardhi ngumu ionekane, hata kama mwashi asema futi mbili zatosha. Ukuta uliosimama juu ya udongo huo hupasuka mwaka wa kwanza. Kisha humwagwa zege la msingi. Wiki hiyo hiyo linta za mlango na dirisha zimwagwe chini, uwanjani, katika viunzi vya mbao na nondo ndani yake. Hii ni hila ndogo iokoayo siku nyingi. Linta imwagwayo juu ya ukuta hulazimisha kazi ingoje, na nguzo za kuishikilia hazifai kutolewa haraka. Ile iliyomwagwa chini hupata nguvu polepole huku kuta zikipanda, na ihitajiwapo huwa tayari kuinuliwa.

Wiki ya pili huja kuta za chini, mawe ya kujazia, na zege la sakafu. Kwa chumba cha futi 10 kwa 12, zege la unene wa inchi nne, sehemu moja ya simiti kwa mbili za mchanga na nne za kokoto, litakula mifuko saba hivi ya kilo 50. Vipimo vifanywe kwa chombo kimoja, kama karai au sanduku, wala si kwa kukisia kwa chepe, maana chepe la asubuhi na chepe la saa tisa mchana havilingani.

Hapa ndipo penye siku ambazo huibwa kuliko zote. Watu husema zege "limekauka", kana kwamba ni nguo iliyoanikwa. Zege haliwi gumu kwa kukauka. Huwa gumu kwa sababu simiti hushikana na maji, na kazi hiyo huendelea ndani yake siku nyingi baada ya uso wake kuonekana mgumu. Kwa siku saba hupata kama theluthi mbili tu ya nguvu zake. Wajenzi huhesabu nguvu kamili siku ya 28. Jua likiyanyang'anya maji yake siku ya pili, sakafu hubaki dhaifu daima, ikitoa vumbi kila ifagiwapo, na hapana dawa. Kwa hiyo ifunikwe kwa magunia au majani ya migomba, imwagiwe maji asubuhi na jioni siku saba zisizopungua. Mwashi hatasimama kufanya hivyo, maana halipwi kwa kumwaga maji.

Na maji hayo huteka nani? Mfuko mmoja wa simiti huhitaji lita 25 mpaka 30 za maji ya kuchanganyia. Sakafu peke yake ni mitungi tisa au kumi ya lita 20, bado ya kumwagilia, bado ya kuta na plasta. Kama mto uko bondeni, basi mama apikaye bandani ndiye pia atakayepanda kilima na maji ya mwashi mgongoni, na hapana mtu atakayeyaandika katika hesabu ya gharama. Yaandikwe. Punda akodiwe, au mwenye mkokoteni alipwe, na pipa lijae kabla mwashi hajafika.

Wiki ya tatu na ya nne kuta hupanda. Timazi na pima maji vitumiwe katika kila safu. Wiki ya tano ni ya paa, kazi ya seremala, siku tatu au nne kama mbao na mabati yako tayari. Mfereji wa bati utiwe pale pale, usiachwe kwa siku nyingine ambayo haitakuja. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji, na paa la jiko kama hili lina mita 14 hivi. Mvua moja ya kadiri, ya milimita 20, ni mitungi 14, ukitoa kidogo kipoteacho. Mama hatahitaji kuelezwa maana ya hesabu hiyo.

Wiki ya sita ni ya plasta, mlango na madirisha. Lakini kabla ya plasta, mabomba ya maji na ya nyaya za umeme yawe yamekwisha kuwekwa ukutani. Kupasua plasta mpya ili kupitisha bomba ni kosa la kila siku, nalo huongeza wiki nzima.

Wiki ya tano au ya sita, mara paa likiwa juu, meko yajengwe. Meko ya kuni yenye kikombe cha udongo uliochomwa, ya namna iliyoenezwa Kenya tangu miaka ya 1980, hupunguza kuni kuliko mafiga matatu. Hayo hujengewa kwa udongo na mawe, si kwa simiti tupu, kwa kuwa simiti ya kawaida hupasuka kwa moto mkali. Udongo nao wataka kukauka polepole kivulini, wiki mbili hivi, na zaidi penye baridi. Nyufa ndogo zitokeazo zizibwe kwa udongo laini. Mwenye haraka huwasha moto mkubwa siku ya tatu ili kuonyesha wageni. Maji yaliyo ndani ya udongo huwa mvuke, nao huutumbua.

Karani mwenye siku 21 ataona kwamba likizo yake haifikii wiki saba. Lakini sheria ile ile ya 2007 yaruhusu likizo igawanywe, mwajiri na mwajiriwa wakipatana. Basi aigawe. Sehemu ya kwanza iwe ya wiki ya msingi na sakafu, kwa sababu makosa ya msingi hufukiwa na hayaonekani tena. Sehemu ya pili iwe ya paa na meko. Kati ya hizo mbili, msimamizi wa kazi ni mkewe, na ni lazima awe msimamizi kweli. Wako waume wanaowaachia wake zao kazi ya kuangalia bila kuwaachia fedha wala neno la mwisho. Mwashi huligundua jambo hilo siku ya kwanza, na kila aambiwapo, "Hapa pamepinda," hujibu kwamba atazungumza na mzee kwa simu. Mume aseme mbele ya mwashi, kabla hajasafiri, kwamba mama ndiye atakayelipa, na kwamba asilolikubali yeye halilipwi.

Malipo yafuate kazi, si siku. Sehemu ya kwanza sakafu ikiisha, ya pili kuta zikifika juu, ya tatu paa na plasta vikiisha. Malipo ya vibarua wa mchana yawe mbali na ya mwashi, na yote yaandikwe katika daftari ya shule pamoja na sahihi. Mwashi ajapo Jumatatu akaomba fedha za mbele kwa ajili ya mgonjwa, asitukanwe, maana huenda ni kweli. Apewe kidogo, na kiasi hicho kiandikwe mbele yake. Aliyekwisha kulipwa fedha zote hana sababu ya kurudi, hata awe mtu mwema namna gani. Sehemu ya kumi ya bei ya mwashi na ya seremala ibaki mkononi mwa mama mpaka mvua ya kwanza kubwa inyeshe, naye asimame ndani ya jiko akitazama juu, pale dohani ipitapo katika bati, kwa kuwa hapo ndipo penye kuvuja kwanza.

Moto wa kwanza katika meko uwe wa vijiti, wa kuchemsha chai tu, na wa siku ya pili uzidi kidogo. Ugali na githeri vyaweza kungoja mpaka siku ya tano. Kwa siku hizo banda la nje bado lina kazi, na lisibomolewe kabla mama mwenyewe hajasema libomolewe. Mabati yake machakavu yatafaa kwa kuku.